Mpira wa Maandishi

Nianze na msimamo wangu ili tusipotezeane muda. Gemu bora ya mpira iliyowahi kutengenezwa haina mpira ndani yake. Haina nyasi, haina jezi, haina mtu anayekimbia. Ina majina, namba na sentensi. Inaitwa Championship Manager, na toleo ninalolisema mimi ni la msimu wa 2001/02. Wenzangu waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation, wakilipia mechi na kugombania padi, hunicheka. Wanasema hiyo si gemu, hiyo ni rejista ya mahudhurio. Sawa. Nimeicheza rejista hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na kama leo najua kuandika habari ya mechi ikasomeka, sehemu kubwa nilijifunzia humo.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: wewe ni kocha. Unasajili, unauza, unapanga kikosi, unabonyeza kuendelea. Mechi ikianza, kwenye upau mmoja wa skrini zinapita sentensi fupi fupi, moja baada ya nyingine. Fulani kapokea mpira. Kampita beki. Anapiga. Hapo panakuwa na kimya kidogo, pengine sekunde moja tu, ila ni sekunde inayoweza kumuua mtu mwenye presha. Kisha upau unawakawaka rangi za timu iliyofunga, au unaambiwa kipa kapangua. Basi. Goli lenyewe hukuonyeshwa. Umeliona wewe kichwani, na wewe ndiye uliyechagua limeingia kona gani.

Kwangu hili halikuwa jambo geni. Mimi ni mtoto wa redio. Mwaka 2003, Simba walipokwenda Cairo kuwatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, sikuona hata pasi moja, lakini hadi kesho naweza kukuonyesha Juma Kaseja alivyosimama golini wakati wa penalti. Nimemuona. Kwa masikio, lakini nimemuona. Mtangazaji alitupa maneno na sisi tukajaza uwanja. Nilipokaa kwenye intaneti kafe moja ya Mwanza, mbele ya mashine namba nne ambako kijana wa pale alikuwa ameweka gemu hii, niliielewa ndani ya dakika kumi. Ilikuwa ni utangazaji uleule, ila mtangazaji ni kompyuta na anaongea Kiingereza.

Walioitengeneza ni ndugu wawili wa Shropshire, Uingereza, Paul na Oliver Collyer. Walianza wakiwa wadogo, chumbani kwao, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1992. Halikuwa hata na majina halisi ya wachezaji. Majina yalikuja kwenye toleo lililofuata, na naamini hapo ndipo gemu ilipozaliwa kweli. Mshambuliaji wa kubuni mwenye kasi 18 ni hesabu tu. Mpe jina la mtu anayeishi mahali, aliyezaliwa tarehe fulani, na mara unaanza kumwonea huruma ukimweka benchi.

Lakini ndugu wawili hawawezi kuwajua wachezaji wa dunia nzima. Ukatengenezwa mtandao wa watu wa kujitolea, mashabiki wanaofuatilia klabu zao huko waliko, na kazi yao ni kumpa kila mchezaji alama kuanzia 1 hadi 20: kasi, ubunifu, ujasiri, nidhamu. Waandishi wa tabia, ndivyo ninavyowaona mimi. Na kama waandishi wote, wengine walikuwa waongo. Kwenye toleo langu la 2001/02 kulikuwa na mshambuliaji wa klabu ndogo ya Ureno, To Madeira, anafunga kama mashine. Wachezaji dunia nzima walimsajili. Hakuwapo. Kuna mtafiti wa huko aliyejichomeka mwenyewe ndani ya data. Sisi tunaosoma riwaya tunamjua mwandishi anayejipenyeza katika hadithi yake, ila huyu wa Ureno ndiye pekee ninayemfahamu aliyejipa na magoli.

Huyo anachekesha. Anayenikaa rohoni ni mwingine, na huyu alikuwapo kweli. Tonton Zola Moukoko alizaliwa Kinshasa, akakulia Sweden, akachukuliwa na Derby County akiwa bado kijana. Ndani ya gemu alikuwa kiungo wa ajabu. Unamnunua kwa bei ya kutupa, misimu miwili mitatu anakubebea kombe. Nje ya gemu, kaka yake aliyemlea alifariki wakati kijana yuko Uingereza, na mpira wake haukukaa sawa tena. Derby hawakuwahi kumpa mechi ya timu ya wakubwa. Akacheza klabu za kawaida za Sweden na Finland, huku watu asiowajua wakimsimulia makombe aliyowachukulia.

Nimelifikiria sana hili. Yule aliyemjazia alama pengine alimtazama vizuri tu. Kijana alikuwa anajua mpira. Kilichokosekana ni safu ya kuandika kwamba mtoto huyu ana mtu mmoja tu duniani. Na usidhani ni ugonjwa wa gemu peke yake. Dawati la michezo la gazeti lolote linafanya vilevile kila Jumatatu: kijana wa miaka 17 kafunga mawili, tunampa 19 kwa maneno, tunaita "nyota ajaye", tunafunga ukurasa. Mimi huwa nauliza anaishi na nani. Mhariri wangu wa zamani aliona ni umbea.

Halafu kuna wasioandikwa kabisa. Kwa miaka mingi, ligi pekee ya Afrika unayoweza kuicheza katika gemu hii bila kutafuta mafaili ya mashabiki ni ya Afrika Kusini. Ligi yetu, pamoja na kelele zake zote za Simba na Yanga, haimo kwenye orodha. Mbwana Samatta alikuwa ameshachukua tuzo ya mchezaji bora wa ndani ya Afrika ya mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe, lakini ili umkute akicheza katika ligi unayoweza kuichagua, ilibidi kwanza ahamie Genk, Januari 2016. Nimewasikia watu wakisema ni biashara, soko letu dogo, hatununui nakala halali. Inawezekana. Ila kazi ya kujaza alama hufanywa na watu wa kujitolea, na wa kujitolea tunao hadi wa kumwaga. Nenda kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo uone kama utakosa mtu wa kukupa alama za beki wa kulia wa Mtibwa.

Turudi kwa watengenezaji, maana nina ugomvi nao, ugomvi wa mtu anayependa. Mwaka uleule wa Kaseja, 2003, toleo la nne la Championship Manager likaleta picha: uwanja unaoonekana kutoka juu na wachezaji ni vidoadoa. Muda si mrefu wakaachana na mchapishaji wao, Eidos. Mchapishaji akabaki na jina, wao wakaondoka na kodi na data, wakaanza upya chini ya Sega kwa jina la Football Manager. (Waandishi mnaosaini mikataba bila kusoma ukurasa wa mwisho, hapo tulieni kidogo.) Toleo la 2009 likaja na wachezaji wa pande tatu, wenye mikono na miguu. Tangu hapo kila mwaka miguu inaboreshwa, na kila mwaka nikitazama namwona mtu wa plastiki akikosa goli ambalo kichwani kwangu asingekosa hivyo.

Heshima yao nawapa. Februari 2025 walilifuta kabisa toleo la mwaka ule, baada ya kuliahirisha mara mbili, kwa kuwa halikufikia kiwango walichokitaka. Kampuni ngapi zingekubali? Wengine wangekuuzia hivyohivyo kisha wakutumie marekebisho. Wala hawajajenga gemu yao juu ya vifurushi vya kubahatisha wachezaji kama vile vya FIFA, ambavyo Ubelgiji mwaka 2018 ilivitazama ikaona ni kamari, mpaka EA wakaacha kuviuza huko. Na toleo la 2026 limeingiza mpira wa wanawake, jambo lililochelewa lakini limefanywa kwa utafiti wa kweli.

Ila ni toleo hilohilo lililonivunja moyo. Miaka yote, moyo wa gemu hii ulikuwa kisanduku cha barua. Unaamka, unafungua barua: mwenyekiti hana furaha, nahodha anataka kuondoka, skauti kaona mtoto. Ilikuwa ni riwaya ya barua, jamaa wa karibu wa Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ kuliko wa gemu yoyote ya kupiga risasi. Sasa kisanduku kimemezwa na ukurasa mpana wa vigae na vitufe, kila kigae kinakukonyeza, na ili ufike kwenye sentensi moja kamili lazima uchimbe. Wameona aibu kwa maandishi yao, ndivyo ninavyoona mimi. Wanadhani msomaji amekufa kabaki mtazamaji.

Na Kiswahili hakimo, kwa taarifa tu. Kituruki kimo, Kikorea kimo. Huwa najiuliza sentensi zile fupi zingekuwaje kwa lugha yetu, ambayo ina watu waliotumia nusu karne kuusema mpira hewani. Wakati mwingine nikiwa peke yangu nazitafsiri kwa sauti. "Anachukuaa... anamwacha mtu chiniii..." Mke wangu ameshazoea.

Toleo la 2001/02 baadaye liliachiwa bure, na hadi leo wapo mashabiki wanaoliwekea data mpya. Mimi sitaki data mpya. Laptopu yangu ya zamani ina ileile ya asili, ambamo Moukoko ana miaka 17 na bado yuko Derby. Jana usiku nimemsajili tena. Mechi ya kwanza ni ya ugenini, mvua inanyesha, na nimempanga kuanza.