Mahubiri Yaliyomezwa na Maji

Akina mama wa kanisa moja la kambini, nje kidogo ya Kampala, wana desturi ya kuchanga fedha kidogo kidogo kila mwezi, ili mwisho wa mwaka wafanye safari ya sala. Aghalabu safari hiyo huishia Namugongo, mahali walipouawa mashahidi wa Uganda, kwani si mbali na nauli yake ni nafuu. Mara hii waliazimia kwenda kwenye maporomoko ya Murchison, upande wa kaskazini-magharibi ya nchi. Shauri lilitoka kwa kasisi wao, aliyesema kwamba mtu anayesoma Zaburi zinazotaja ngurumo ya maji, naye hajapata kuyasikia, amesoma nusu tu. Wengi waliridhika kwa hoja hiyo. Wengine, wala si dhambi kulisema, waliridhika kwa kuwa hawajapata kumwona tembo.

Miongoni mwao alikuwamo mjane wa sajini mmoja, ambaye kambi nzima humwita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Mumewe alifariki kazini mwaka uliotangulia. Siku ya mazishi kijijini risasi za heshima zilipigwa, bendera ikakunjwa, naye mama huyo alikuwa na pacha mmoja mgonjwa mgongoni. Machozi hayakupata nafasi. Aliporudi kambini nafasi ikawa haba zaidi. Jamaa za askari wanajua jinsi nyumba za kambini zilivyo: ukuta mmoja hutumikia jamaa mbili, na kikohozi cha jirani husikika kama cha mtu wa nyumbani. Katika safu ile wanawake saba waume zao walikuwa bado wako kwenye operesheni. Mwanamke mmoja akipiga yowe usiku, wote saba huamka wakidhani habari imewafikia wao. Kwa hiyo Nalongo alinyamaza. Alifagia, alipika, alipeleka watoto shule, na watu wakamsifu kwa ushujaa wake. Sifa hiyo ilimfunga mdomo kuliko amri yoyote.

Basi la kukodi liliondoka alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, likapita Luweero na Nakasongola, kisha likaacha barabara ya Gulu na kuelekea Masindi. Baada ya Masindi njia huingia msitu wa Kaniyo Pabidi, ambao ni sehemu ya msitu mkubwa wa Budongo. Humo mivule na mikangazi imesimama kama nguzo, na hewa hupoa ghafula. Sokwe wapo wengi, lakini siku hiyo hawakujitokeza. Waliojitokeza, mara tu basi lilipoingia katika mbuga, ni mbung'o. Mdudu huyu huvutwa sana na rangi ya buluu na nyeusi. Na sare ya akina mama wale, kwa bahati mbaya, ilikuwa kitenge cha buluu. Atakayefuata njia hiyo na avae nguo za rangi ya udongo, afunge na madirisha.

Juu ya maporomoko walifika saa saba mchana. Mto Nile, ambao kabla ya hapo ni mpana na umejaa mawe, hubanwa katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, kisha hutupwa chini kiasi cha mita 43. Mvuke hupanda kama moshi wa nyumba inayoungua, na jua likiwaka upinde wa mvua hukaa pale pale kama uliotundikwa. Mwamba wenyewe hutetemeka. Mtu huuhisi katika nyayo kabla ya kuuona mto. Pembeni kuna maporomoko ya pili, yaliyofunguka wakati wa mafuriko ya mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipojitawala, nayo yakaitwa Uhuru. Lile jina la Murchison lilitolewa na Samuel Baker mwaka 1864, kwa heshima ya mkuu wa chama cha wanajiografia cha London. Zama za Idi Amin mahali hapa paliitwa kwa jina la Kabalega, Mukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza hata wakamkamata mwaka 1899. Jina la kigeni limerudi. Na askari atakayependelea lile la pili halaumiki.

Kasisi alikuwa ameandaa mahubiri ya kurasa nne, na kipaza sauti cha mkononi alikuwa nacho. Akasimama juu ya jiwe, akafungua kinywa. Hakuna aliyesikia hata neno. Akaongeza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji yakaimeza yote. Hatimaye akacheka, akazikunja karatasi zake, akaonyesha kwa mkono kwamba kila mtu na asali peke yake.

Wakatawanyika. Nalongo alikwenda mpaka kwenye kizuizi cha vyuma, akakishika kwa mikono miwili, akalia. Hakulia kwa kujizuia, kama watu wanavyolia kanisani. Alipiga mayowe kinywa wazi, akimwita mumewe kwa jina lake, na walioona mabega yake tu ndio waliojua. Mama mmoja mtu mzima, mke wa koplo mstaafu, alisogea nyuma yake akaushika mshipi wa gomesi yake kwa ngumi, asije akateleza kwenye mwamba uliolowa. Hakumnyamazisha. Mapacha walikuwa mbali, wakishindana kunasa matone ya mvuke kwa vinywa. Dereva alipiga honi mara nyingi kuwahi muda wa kufunga lango, naye pia hakusikika. Kasisi alimwona mjane, akaitazama saa yake, akairudisha mfukoni.

Ilipita karibu nusu saa. Nguo zililowa, na hapakuwa na namna ya kutofautisha maji ya mto na ya macho.

Katika basi Nalongo aliomba chapati, kisha akaomba ya pili, jambo ambalo majirani zake hawakuwa wameliona kwa miezi mingi. Karibu na Masindi alimgeukia yule mama mtu mzima.

“Mama, nilipiga kelele sana?”

“Sisi tulisikia maji, binti yangu.”

Mwezi uliofuata alihama kambini kwenda kwa wazazi wake, pamoja na mapacha, cherehani na mabati ishirini. Wanawake wa safu ile walimfungia mizigo. Kuhusu mahubiri, kasisi aliyasoma Jumapili iliyofuata, kurasa zote nne, kanisani kambini, ambako kila neno lilisikika vizuri.