Kodi kwa mwenye nyumba, kodi kwa serikali

Nilipoanza kujifunza Kiswahili, neno lililonitatiza kuliko ngeli zote lilikuwa kodi. Mpangaji humlipa kodi mwenye nyumba, na mwenye nyumba huilipa serikali kodi. Kwetu kwa Kiganda hayo ni mambo mawili yenye majina mawili, na omusolo ni wa serikali tu. Mhadhiri alituambia muktadha utatuonyesha maana. Mimi nikabaki najiuliza ni nani hasa, kati ya hawa walipa kodi wote, anayebeba mzigo mzito.

Kaka yangu anafundisha historia katika shule ya binafsi, na ndiye anayenilipia ada. Anapata shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Hapa Uganda mshahara usiozidi 235,000 hausamehewi kwa bahati, ndivyo sheria ilivyo tangu mwaka 2012. Lakini bei ya sukari haikusimama na kiwango hicho kwa miaka zaidi ya kumi iliyofuata. Kinachozidi hapo hukatwa asilimia 10, kisha 20, na ukivuka 410,000 ni asilimia 30. Kwa kaka hiyo ni 202,000 kila mwezi. Mwajiri huzikata kabla mwenyewe hajaziona, pamoja na 50,000 za akiba ya uzeeni.

Sasa mtazame anayepokea milioni hiyo hiyo kutoka kwa wapangaji. Tangu Julai 2022, mtu binafsi hutozwa asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Nimepiga hesabu mara mbili: ni 91,800 kwa mwezi, hata nusu ya makato ya kaka haifiki. Na aliyenunua hatifungani za serikali za miaka kumi au zaidi hukatwa asilimia 10 ya riba, basi. Apate milioni moja au milioni mia, kiwango hakipandi. Sababu naielewa: serikali inataka kukopeshwa, kwa hiyo inamlegezea mkopeshaji. Lakini mwalimu naye anaikopesha nchi miaka yake yote, na hakuna anayemlegezea.

Nilimpelekea hoja hii mama mwenye nyumba ninakopanga, Kikoni, karibu na Makerere. Alicheka kwanza. "Mwanangu," akasema, "hiyo asilimia 12 wanaihesabu kwa pango lote. Bati likivuja, fundi nalipa mimi. Benki inanidai riba. Wanafunzi wakienda likizo, vyumba vinakaa vitupu. Kaka yako ana bati gani?"

Hoja yake ina uzito, nami sikuwa nimeifikiria vizuri. Hata hivyo, kaka naye ana gharama: bodaboda ya kila asubuhi, viatu, vitabu anavyojinunulia. Hakuna hata moja inayopunguzwa kwenye kodi yake.

Kwa maoni yangu, pango na riba viingizwe kwenye ngazi moja na mshahara, baada ya kuondoa gharama za kweli. Nikamfanyia mama hesabu kwenye daftari langu. Pango la 12,000,000 kwa mwaka, toa 5,000,000 za ukarabati na riba ya benki, zinabaki 7,000,000. Kwa ngazi anayopandia kaka, angelipa 924,000 kwa mwaka. Kwa sheria ya sasa analipa 1,101,600. Mwenye nyumba asiye na deni wala bati bovu ndiye angelipa 2,424,000, sawasawa na kaka.

Mama alilitazama daftari kwa muda. Akaniuliza serikali ingejuaje kwamba ametumia milioni tano. Nikamwambia angeonyesha risiti.

"Fundi gani wa Kikoni anatoa risiti?" akasema, akaenda kumfungulia mpangaji lango.