Ishirini, Ishirini, Ishirini

Alhamisi, 1 Mei 2025

Mei Mosi. Chuo kimya. Mvua tangu alfajiri, mlima umejifungia kabisa, hata Kibosho haionekani kutoka dirishani. Nimebaki na notisi zangu za kufundishia historia ya uuguzi na zinanichosha roho.

Zile zile. Florence Nightingale, kazaliwa 12 Mei 1820. Vita vya Crimea. Bibi mwenye taa. Shule ya St Thomas', London, 1860. Mwaka wa kwanza wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Mle ndani hakuna cha kumshika binti wa Rombo ambaye kwao wameuza ng'ombe ili asome.

Kinachonikaa kichwani mimi ni Scutari, hospitali ya vita hivyo, Februari 1855. Florence yupo. Taa ipo. Chakula kimeboreshwa, shuka zinafuliwa, huruma tele. Na bado wanakufa, karibu 42 katika kila wagonjwa 100. Machi wakafika watu wa usafi kutoka Uingereza, wakazibua mitaro iliyopita chini ya hospitali, wakaondoa mizoga, wakafungua njia za hewa. Kufika Juni wanakufa 2 katika 100.

Florence karudi kwao, kakaa na William Farr mtu wa takwimu, wakapanga vifo safu kwa safu. Ndipo alipoona. Risasi ziliua wachache, uchafu wa hospitali ndio uliomaliza jeshi. Alikuwa na karatasi za kuhesabia kwa sababu kuna mtu aliandika nani kafa, lini na kwa nini. Akawa mwanamke wa kwanza kuingia Chama cha Takwimu cha London. Hilo kwenye notisi zetu halimo. Taa imo.

Usiku, baadaye. Nimefuta ukurasa wa kwanza wote wa notisi. Sijui naweka nini.

Jumamosi, 3 Mei

Nimetoka wodini na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Si hasira ya mtu. Hasira tu.

Nilikwenda kuwaona wa mwaka wa pili wanavyokabidhiana zamu. Nikachukua chati za usiku. Kitanda cha kwanza: pumzi 20 kwa dakika. Cha pili: 20. Cha tatu: 20. Ishirini, ishirini, ishirini mpaka mlangoni. Mzee wa pumu 20. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja 20. Mama wa kisukari 20. Wodi nzima inapumua kwa mkupuo mmoja kama kwaya.

Nikaenda kwa mzee wa pumu. Nikamshika kiganja, vidole kwenye mshipa, nikajifanya nahesabu mapigo. Hivi ndivyo inavyofanywa, maana mtu akijua unamhesabia pumzi anabadilisha. Macho yangu kwenye shuka juu ya kifua. Inapanda, inashuka. Misuli ya shingo inavuta. Tundu za pua zinatanuka. Dakika nzima, si nusu halafu unazidisha kwa mbili. Nikapata 34.

Sikupaza sauti. Tukamkalisha, oksijeni, inchaji wa wodi akamwita daktari. Kabla ya saa nne alikuwa anaongea sentensi nzima, anaulizia chai.

Binti aliyeandika chati nilimvuta pembeni. Usiku walikuwa wawili, yeye na muuguzi mmoja, na wodi imejaa. Hana saa ya mkononi. Simu wodini haturuhusu. "Madam, mbona chati za nyuma zote zimeandikwa hivyo?" Aliuliza kwa nia njema kabisa, hakuwa anajitetea. Hicho ndicho kinachoniuma.

Jumapili, 4 Mei

Old Moshi, kumwona wifi na mtoto. Barabara utelezi mtupu, dereva wa Noah akatushusha chini, tukapanda kwa miguu katikati ya migomba na kahawa.

Mama mkwe ndiye mwenye nyumba ya uzazi. Mtori umeanza mapema: ndizi mshare zimechemka na nyama ya mifupa mpaka zimelainika, akazisaga kwa mwiko, akaongeza maziwa. Wifi hagusi jembe wala ndoo mpaka miezi mitatu iishe. Hilo halijadiliwi.

Lakini nilikuwa namtazama mama mkwe zaidi ya mtori. Kaingia chumbani, hajasema kitu. Kiganja kwenye paji la uso. Kafunua kanga, katazama matiti, kaminya kidogo. Kamkandamiza tumbo chini ya kitovu. Kauliza damu ikoje, inanuka? Umekojoa tangu asubuhi? Akamlaza mtoto chali mwangani, akamtazama rangi ya macho. Ndipo akakaa. "Yuko sawa, mwanangu. Kula."

Yote yale yamo kwenye kitabu changu cha uuguzi wa wazazi, karibu kwa mpangilio ule ule. Naye darasa la uuguzi hajaliona.

Sitaki kuwadanganya wanafunzi kwamba mila ilitosha. Haikutosha. Akina mama walikufa kwa kuvuja damu kwenye migomba hii hii, na mama mkwe mwenyewe anawataja kwa majina. Ninachotaka wasikie ni kwamba kumtazama mgonjwa hatukuletewa na meli. Walutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, Wakatoliki walikuwa wametangulia Kilema. Walileta dawa, mkasi uliochemshwa, daftari la kuandikia. Jicho walilikuta.

Na hao Wajerumani nao wana yao. Kaiserswerth, 1836, mchungaji Fliedner na mkewe wakaanza kuwafundisha mashemasi wa kike kuuguza. Florence mwenyewe alikwenda kujifunza huko, 1851. Kwa hiyo kabla London haijawa na shule, mji mmoja mdogo wa Ujerumani ulikuwa nayo. Utamaduni huo huo wa mashemasi wa kike ndio uliokuja kupanda milima ya Usambara, na Lutindi pakawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wanafunzi wangu wa Korogwe wanapita njia ya kwenda Lutindi na hakuna aliyewaambia kwamba hapo wanapita ndani ya somo.

Jumatatu, 5 Mei

Furaha leo! Niandike kabla sijalala.

Nilianza na Scutari, kisha Kaiserswerth, kisha nyumba ya uzazi. Darasa limetulia. Binti wa Pangani, mtaratibu sana, yule wa safu ya nyuma, akanyoosha mkono. "Madam, na Rufaida je?"

Nikamwambia aje mbele atusimulie. Akaja. Rufaida wa kabila la Aslam, Madina, wakati wa Mtume. Baba yake mganga, ndiye aliyemfundisha. Vita vya Handaki, mwaka 627, Saad bin Muadh kachomwa mshale mkononi, kapelekwa kwenye hema la Rufaida pale msikitini atibiwe. Akasimulia kwamba aliwafundisha wanawake wenzake kazi ile, na wakati wa amani aliwahudumia mafukara na mayatima. Binti huyu kayasoma hayo chuoni kwao, madrasa, tangu mdogo. Hajawahi kuulizwa.

Miaka zaidi ya 1,200 kabla ya Scutari. Vijana wa kiume nyuma wakapiga makofi. Mmoja kutoka Machame akauliza kama Rufaida aliandika chati. Wakacheka, lakini swali lake zuri! Nikawaambia hiyo ndiyo tofauti ya kuangalia: nani aliuguza, na nani aliacha maandishi mwingine ajifunze bila kumjua.

Alhamisi, 8 Mei

Kikao. Mwenzangu tunayefundisha naye hataki nibadilishe maswali ya mtihani. Anasema mtaala ni wa taifa, mtihani utauliza miaka na majina, nisiwafelishe watoto wa watu kwa mapenzi yangu. Ana haki ya kusema hivyo. Cheti ni mkate wao. Bila kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, bila leseni, sheria ya 2010 haikuruhusu kufanya kazi ya uuguzi, na mimi naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote.

Nami nasema miaka watajua. Nitawafundisha yote. 1971, KCMC inafunguliwa chini ya mlima huu. Vyuo vya Machame, Kibosho, Huruma kule Rombo. Leo binti anaweza kuanza stashahada, akafika shahada pasipo kutoka Kilimanjaro, jambo ambalo mama yake hakuliota. Wajivunie. Lakini mwenye shahada anayeandika 20 bila kuhesabu ananitisha kuliko mama mkwe asiyejua kusoma.

Hatukumaliza. Kaondoka na rasimu yangu chini ya kwapa.

Kichwa kinauma. Mvua tena.

Jumatatu, 12 Mei

Siku yetu wauguzi. Mishumaa, sare zimepigwa pasi, kiapo. Niliimba na nililia kidogo, kama kila mwaka. Taa waachiwe, inawapa moyo, na moyo wanauhitaji saa tisa usiku wanapokuwa wawili wodini.

Jioni nikapita wodini. Binti wa chati yupo zamu. Kanunua saa soko la Memorial, ya mtumba, mkanda umezidi mkono, mshale wa sekunde unatembea. Kakaa kando ya kitanda cha mama mmoja, kamshika kiganja, macho kifuani. Sikumsemesha. Nikasubiri chati: 18. Kinachofuata 22. Kinachofuata 16. Kile cha dirishani 28, na pembeni kwa herufi ndogo: nimerudia, 28, nimemwambia inchaji saa 12:40.

Nimesoma mstari ule mara nyingi kuliko hotuba zote za leo.

Swali la kwanza la mtihani nimeliandika upya hivi: "Mgonjwa wako ana pumu. Chati ya usiku inasema pumzi 20. Eleza utafanya nini kabla ya kuiamini, kisha eleza jinsi takwimu za Scutari za mwaka 1855 zinavyohusika." Alama 15. Mwaka wa kuzaliwa wa Florence nimeuacha uwe swali la alama moja, amani iwepo.

Mwenzangu hajasaini. Kesho nimkute ofisini kabla ya chai, kabla hajaanza kusahihisha.