Bei na Mavuno

Upesi wa kuhukumu ni kasoro ambayo niliiona kwa wengine siku nyingi kabla sijaiona katika nafsi yangu.

Mwezi wa Agosti 2024 mpwa wangu, mwanafunzi wa uhandisi, alinijia na uso wa huzuni. Kampuni ya Intel ya Marekani ilikuwa imetangaza kupunguza watumishi wapatao 15,000, na kesho yake hisa zake zilishuka bei kwa zaidi ya robo katika siku moja.

"Mjomba," aliniambia, "naona heri niache karakana nijifunze kukadiria hisa. Mwenye kuhukumu huishi salama kuliko mwenye kutengeneza."

Sikumjibu upesi, maana mimi pia nilipata kuipima kazi kwa bei. Mwaka 2017 niliisifu kampuni hiyo hiyo kwa kuwa hisa zake zilikuwa zikipanda. Kumbe maradhi yalikwisha kuingia. Njia yake mpya ya kutengeneza chipu, iliyoitwa nanomita 10, iliahirishwa mwaka 2015. Mwaka 2018 ikaahirishwa tena mpaka 2019. Wahandisi walikusudia kusongamanisha transista mara 2.7 kwa mkupuo mmoja, hata mistari mingine ikalazimu kuchorwa kwa nuru mara kadhaa mahali pamoja. Kila marudio yalikuwa mlango wa kosa.

Nilichukua kalamu nikamfanyia hesabu. Tuseme kazi ina hatua 100, na kila hatua hufaulu mara 99 katika 100. Mwishoni chipu nzima ni kama 37 tu katika 100; na chipu ya kweli hupita mamia ya hatua. Hayo ndiyo mavuno ya kiwanda. Hayaongezwi na sifa wala hayapunguzwi na lawama. Huongezwa na mtu atafutaye kosa dogo, akalitengeneza, kisha akatafuta jingine.

"Basi wakadiriaji ni wajinga?" aliuliza.

"La. Fedha ya wenye hisa hujenga viwanda, na kuuliza ni haki yao. Lakini bei ni maoni ya walio nje ya mlango. Ukitaka kuhukumu, hukumu. Ila kwanza jua kilichomo ndani."

Mwaka 2025 hisa za Intel zilipanda tena sana. Nilitazamia mpwa wangu aje kwa furaha. Hakuja, alikuwa karakanani, akitafuta kwa nini vipande 3 katika kila 10 alivyochonga havikufaa.