Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika biashara ya baiskeli kidonda hicho hufunikwa kwa rangi inayong'aa.

Mjini Saint Paul, jimbo la Minnesota, wauza baiskeli wawili, Howard Hawkins na Art Engstrom, walichoka kuinama kutwa wakitengeneza baiskeli za wateja. Wakaunda stendi ya kuiinua baiskeli hadi usawa wa kifua, na mwaka 1963 ikaanza kampuni ya Park Tool, iliyopata jina lake kutoka mtaa wa Hazel Park. Kilichoinuliwa hadi machoni hukaguliwa vizuri zaidi.

Kuna mengi ya kukagua. Baiskeli mpya hufika dukani ndani ya boksi, gurudumu la mbele na pedeli zikiwa hazijafungwa. Kiwanda kimefanya sehemu ya kazi. Iliyobaki ni ya fundi. Mwenye haraka huufunga uma nyuma mbele, au huilazimisha pedeli ya kushoto, ambayo hesi zake huzunguka kinyume, hadi hesi zikaliwa. Fundi makini huzungusha gurudumu aone kama linayumba kati ya mipira ya breki. Huminya spoki mbili mbili apate iliyolegea. Huisikiliza ekseli, kwani gololi zilizokazwa mno husagika kimya kimya. Tangu 1976 kanuni za serikali kuu ya Marekani zimeweka masharti ya usalama wa baiskeli, lakini nati hukazwa na mkono wa mtu.

Kwa mhamiaji wa Cedar-Riverside, Minneapolis, asiye na gari, mkono huo si jambo dogo. Breki zake zitajaribiwa alfajiri, juu ya barafu, akienda kazini. Kule Afrika Mashariki, fundi aliyeunganisha Phoenix kutoka China hukaa chini ya mti uleule. Mteja akianguka anajua pa kurudi. Katika duka kubwa linalouza baiskeli kando ya sabuni na viatu, aliyekaza nati hajulikani.

Ndiyo maana muuzaji mwenye dhamana humwambia mnunuzi arudi baada ya wiki chache, waya za breki zikishanyooka na spoki zikishatulia. Ukaguzi wa kwanza huitazama kazi ya kiwanda. Wa pili humkabidhi fundi kazi yake mwenyewe, mbele ya aliyeipanda.