Mota Ilipopungukiwa Nguvu, Tulimtafuta Mtu



Tulikuwa watano, na kwa fedha tulizokusanya kidogo kidogo tulinunua mtumbwi wa mbao pamoja na mota kuukuu ya nguvu za farasi 25. Siku za soko tulisafirisha watu na mananasi kutoka Idjwi hadi Bukavu. Mota hiyo ilikuwa ya silinda mbili, ya aina ile inayokunywa esansi iliyochanganywa na oili, nayo ilikuwa imekwisha kuwatumikia wengine miaka mingi kabla ya kufika mikononi mwetu.

Msimu wa mvua ulipoanza, tuliona kwamba mtumbwi unachelewa. Mota ililia kwa sauti kubwa, lakini mwendo haukuwapo. Mmoja wetu ndiye aliyekuwa akinunua esansi na kushika usukani. Jioni moja tulikutana bila yeye, na kabla ya kuachana tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba anaongeza mafuta ya taa katika esansi ili fedha zibaki mfukoni mwake. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Ilitutosha kwamba alikuwa amevaa viatu vipya.

Tulimwondolea bidoni na usukani. Hakugombana nasi. Alituachia hata kitambaa chake cha kufutia buji, akaenda zake.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mabaya zaidi. Mota ilikuwa ikienda vizuri kwa muda, kisha ikalegea na kuzimika. Tulipoipumzisha, iliwaka tena, ikaenda dakika chache, ikazimika tena. Katika safari ya tatu tulikuwa na abiria kumi na mmoja. Upepo wa alasiri ukainuka, mawimbi yakaanza kumwaga maji ndani, nasi tulikuwa na kasia moja tu. Mama mmoja alimfunga mtoto wake mgongoni kwa kitenge cha pili, juu ya kile cha kwanza, bila kusema neno. Wavuvi wa sambaza waliokuwa wakienda kwenye kazi yao ya usiku ndio waliotuvuta hadi ufukoni.

Kesho yake tuliipeleka mota kwa fundi mmoja mzee wa Bukavu. Hakushika kwanza bisibisi, alituuliza maswali. «Inakosa nguvu tangu mwanzo, ama baada ya muda? Ikipumzika, inarudi? Inapolegea, hiki kibofu cha mpira kilichopo kwenye bomba la esansi kinakuwa kigumu ama bapa?» Hatukuweza kujibu hata moja kwa uhakika.

Alitumbukiza mguu wa mota ndani ya pipa la maji, akaiwasha, tukangoja. Ilipoanza kulegea, alituwekea kile kibofu mkononi: kilikuwa bapa kabisa. Kisha akalegeza skrubu ndogo iliyo juu ya kifuniko cha bidoni. Hewa iliingia ikipiga mluzi, na mota ikapata uhai.

«Wanangu,» akasema, «esansi haitoki kama hewa haiingii mahali pake. Nani anayefunga hapa?»

Tulikuwa tukifunga sisi, kila jioni, ili mvua isiingie. Nani alikuwa akifungua asubuhi? Hapo tulinyamaza. Alikuwa akifungua yule tuliyemfukuza.

Lakini uzito wa mwanzo ulikuwa bado. Fundi alizima mota, akatoa waya wa buji moja na kuushikiza kwenye chuma, akajaribu kuiwasha tena: mota ikakataa kuwaka. Akarudisha, akatoa wa pili: hakuna kilichobadilika. Silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi; tulikuwa tukibeba watu na mizigo kwa nusu ya mota. Buji yake ilitoka nyeusi, imelowa, na ncha yake imelika.

«Buji imezeeka,» alisema. Kisha akatufundisha jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini kama yetu hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake. Kwa hiyo farasi wetu 25, hata wakiwa na afya njema, ni kama 21 tu. Tena, hewa ikipungua na esansi ikabaki ileile, buji huchafuka kwa masizi. Alibadilisha kile kitundu cha kabureta kinachopima esansi, akaweka chembamba zaidi, akatushauri tupunguze mzigo.

Basi tulihesabu makosa. Moja lilikuwa la uzee, moja la mwinuko wa nchi yetu, na moja la mikono yetu wenyewe. La ndugu yetu halikuwapo.

Tulikwenda kwake wote wanne, jioni ileile. Tulimwomba msamaha, kisha tukamwuliza kwa nini hakutuambia habari za ile skrubu. Alijibu: «Hamkuniuliza kitu. Mlikuwa mmekwisha kujua.» Viatu alikuwa amepewa na mjomba wake. Usukani aliupokea tena baada ya majuma mawili, na hatukumharakisha.

Leo tuna daftari ndani ya mtumbwi. Kila asubuhi tunaandika: skrubu imefunguliwa, kibofu ni kigumu, maji ya kupoza yanatoka, elisi haina kamba wala majani, makasia manne yapo. Hatupakii zaidi ya watu wanane. Jambo likiharibika, tunaanza na lililo rahisi na lisilo na gharama, na tunamwuliza kwanza yule aliye karibu zaidi na kazi.

Nanyi, vijana wenzetu, mtakutana na mota nyingi zinazopungukiwa nguvu: sanduku la kikundi, kwaya, hata urafiki. Mtu wa kulaumiwa hupatikana upesi kuliko chanzo. Sisi tulimpata wetu kwa jioni moja, na nusura tulipie kwa maisha ya watu kumi na mmoja.