Chubwi la Risasi

Utotoni Pangani nilimshikia baba kopo akiyeyusha risasi ya betri kuukuu. Aliimimina kwenye kishimo cha mchanga, ikipoa, chubwi tayari. Basi nilipohamia Minnesota na kuanza kuvua kwenye maziwa ya huku, vile vichubwi vya risasi vya dukani, vidogo kama mbaazi, sikuvitilia shaka. Unakibana kwenye mshipi kwa meno, unatupa. Ukikatika, umekatika.

Asubuhi moja ya Novemba, ziwa likianza kuganda ukingoni, nilimkuta batamaji ameketi kwenye matete. Ndege huyu kwetu hayupo: mweupe pe, mdomo mweusi, kilo 10 na zaidi, mabawa yakikunjuliwa yanapita mita 2. Huku wamempa jina la tarumbeta kwa sababu ya mlio wake. Huyu hakulia. Shingo ilikuwa imelala mgongoni, imejipinda kama mpini wa mwavuli, na kinyesi chake cha kijani kama mchicha uliopondwa. Nikamgusa, asiondoke. Batamaji mzima angenichapa bawa nikajuta.

Nilimfunika koti nikampeleka kwa matabibu wa wanyamapori. Kwenye picha ya eksirei, ndani ya firigisi, katikati ya kokoto, palikuwa na kidoa cheupe chenye ufa. Nilikitambua kabla daktari hajafungua kinywa. Ndege hawa hawana meno, humeza kokoto zisage chakula. Shingo ndefu huwafikisha wasikofika bata wa kawaida, wakifukua tope kutafuta mizizi, na humo ndimo ilimolala risasi yetu. Firigisi inaisaga, asidi inaiyeyusha, damu inaibeba. Alikufa usiku wa pili.

Baadaye nikasoma kwamba miaka ya 1930, baada ya kuwindwa kwa nyama, ngozi na manyoya, Marekani nje ya Alaska walijulikana kubaki batamaji hawa wasiofika 70. Hawa wa Minnesota walirudishwa kwa taabu, wengine kwa mayai yaliyosafirishwa kutoka Alaska miaka ya 1980. Watu wabebe mayai safari yote hiyo, halafu mimi na mshipi wangu!

Nikampigia baba.

“Sasa utavulia nini, mwanangu, jiwe?”

“Bati, baba.”

Akacheka mpaka akakohoa.

Kiangazi kilichopita maji yalipungua, nikapitisha reki chini ya gati ninapovulia. Nilipata vichubwi saba. Vitatu ni vyangu, sina ubishi: jino langu la mbele limemeguka, na alama yake ipo.